Kupatana Bei ya Chumvi

Jambo lote lilitugharimu karai moja, baiskeli moja, wateja wote wa malori ya Sudan, na upande wa kushoto wa mdomo wa mjomba wangu Lemi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau baiskeli.

Nawaandikia ninyi mnaokaanga chipsi siku hizi, kule Arua kwenye stendi ya mabasi na huku Koboko kando ya njia ya malori. Nimepita mbele ya vibanda vyenu na nimeonja. Sisemi chakula chenu ni kibaya. Nasema tu kwamba baada ya kuonja nilikunywa maji mpaka mwenye mtungi akaniuliza kama nimetoka Sudan kwa miguu. Ndipo nikaona afadhali nikae chini niandike, maana mimi, Mama Poni, nimetundika mwiko, na mtu aliyetundika mwiko anabakiwa na mdomo tu.

Aliyenifundisha kukaanga ni huyo Mjomba Lemi, ndugu wa mama yangu. Watu wengi walimwita Afande kwa sababu alikuwa jeshini kabla ya mwaka wa sabini na tisa. Msije mkadhani alipigana. Alikuwa mpishi. Silaha aliyokabidhiwa na serikali ilikuwa mwiko mrefu kama jembe, na adui pekee aliyemshinda vitani ni maharagwe. Lakini serikali ilipoanguka, waliokuja hawakuwa na muda wa kuuliza nani alishika bunduki na nani alishika mwiko. Tukavuka mpaka sote, kuingia Kongo.

Kule tulikosa vitu vingi, nami nitataja kimoja. Tulilima shamba la mtu tangu asubuhi mpaka jua la utosi, tukalipwa chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Siku nyingine haikupatikana hata hiyo. Mama yangu alichuja maji ya majivu akapikia mboga, na tukala huku tukisifu, maana asiyesifu alipewa nyongeza. Chumvi ya kweli aliifunga kwenye ncha ya kitambaa. Mchuzi ukichemka, aliichovya mara moja kama anayemwogesha kifaranga, akaitoa, akaianika kwa ajili ya kesho.

Tuliporudi Koboko, katikati ya miaka ya themanini, Mjomba alinunua gunia zima la chumvi kabla hajanunua mlango.

Nikamwambia, "Mjomba, mwizi akija?"

"Aingie," akasema. "Nitamjua kwa kiu."

Basi muelewe hili kwanza. Kwa sisi tuliorudi, chumvi haikuwa kiungo cha chakula. Ilikuwa tangazo. Ukimpa mgeni chakula kilichopungukiwa chumvi, umemwambia kwamba bado uko ukimbizini, au mbaya zaidi, kwamba unamhesabia. Mimi nahesabu kila kitu, lakini sipendi mgeni ajue.

Tulifungua kibanda chetu kwenye baraza ya Haji Rajabu, muuza soda. Tulianza na muhogo, kwa kuwa muhogo haukuhitaji kuvuka mpaka wowote. Viazi vililetwa kutoka Kongo kupitia Vurra mpakani, na kila aliyevishika njiani alitaka kiazi chake. Gunia lilifika limekonda kama mtu aliyeugua. Muhogo una siri zake. Unaumenya, unauloweka, unauchemsha mpaka ufunguke lakini usivunjike, unaukausha juu ya gunia safi, ndipo unaingia kwenye mafuta. Ukiutia na maji, mafuta yatakurukia usoni, na utajua kwa nini wapishi wa zamani walikuwa na makovu kama askari wa mstari wa mbele. Ukitoka kwenye mafuta, utie chumvi wakati bado unalia. Ukisubiri upoe, chumvi haishiki, inabaki kwenye sahani, na unaongeza nyingine bure.

Mjomba alitia chumvi mara tatu. Ya kwanza kwenye maji ya kuchemshia. Ya pili muhogo ulipotoka motoni. Ya tatu aliitia mbele ya mteja, mkono ukiwa juu ya kichwa, vidole vikicheza, chumvi ikishuka kama mvua ya kwanza ya Machi. Hiyo aliiita chumvi ya heshima. Madereva wa Sudan waliipenda kuliko chakula chenyewe. Walikuwa wanasimama wima kuitazama.

Na kila karai alilionja. Hakumwamini mtu mwingine. Kuonja kwa Mjomba kulikuwa vipande vinne vitano, na mguu wa kuku kama kuna kuku. Ulimi wa mpishi, wajukuu zangu, ni kama sikio la fundi wa bati: unazoea kelele. Chumvi iliyomtosha mwaka wa kwanza, mwaka wa pili aliiona ni maji. Akaongeza. Wateja nao wakazoea, wakadai nyingine. Hivyo tulipanda ngazi wote pamoja, na hakuna aliyeuliza ngazi inakwenda wapi.

Haji Rajabu hakututoza kodi ya baraza. Kwa muda mrefu niliamini ni ukarimu, nikamwombea kila Ijumaa ingawa mimi ni Mkristo. Halafu siku moja nikamsikia akimwambia Mjomba kwa upole, "Afande, leo chumvi iko kidogo. Watu wanakula, wanaenda."

Nikaacha kumwombea. Lakini sikukosa kumheshimu. Mtu anayeuza kinywaji na kupanga kiu mlangoni kwake bila kulipa mshahara, huyo ni mfanyabiashara.

Sasa miguu ya Mjomba ikaanza kuvimba. Mwanzo aliacha kufunga kamba za viatu, akasema ni joto. Kisha akaacha viatu, akavaa kandambili, akasema ni starehe ya uzee. Kichwa kilipomuuma alikifunga kitambaa na kumeza dawa ya malaria, mpaka masikio yakawa yanalia. Nilipomwambia aende zahanati alisema jeshini mtu haendi zahanati kwa kichwa, anakwenda kwa mguu uliokatika. Nikamwambia wateja wanaogopa mpishi aliyefungwa kitambaa kichwani. Hapo akaenda. Afya yake hakuijali, lakini biashara aliijali.

Muuguzi alikuwa mama wa Kikongo kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, tulimwita Sista Furaha. Mjomba alirudi amenyoosha mabega, anasalimia hata mbuzi.

"Sista alisema nini, Mjomba?"

"Sista iko na adabu sana. Hawa watu ya Kongo wamelelewa."

"Nauliza ugonjwa."

"Ugonjwa hakuna. Alifunga mkono yangu na kitambaa ya mpira, akapuliza, akaangalia, akashtuka. Akapuliza tena. Halafu akasema mbele ya watu wote: 'Muzee, weye ulishakula chumvi mingi sana!'"

Mnacheka, lakini mfikirie mtu huyo. Kiswahili chake alikipata kambini, kwa masajenti wa zamani. Na kambini, aliyekula chumvi nyingi ni aliyeishi sana na kuona mengi, mtu wa kusikilizwa. Ndivyo Waswahili wanavyosema hata leo. Miaka yote aliyovaa sare, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, mpishi haambiwi. Sasa mtu msomi, mwenye koti jeupe, amempima kwa chombo na kuthibitisha.

"Na hakusema kitu kingine?"

"Alisema nipunguze. Nikamwambia asante, hata mimi naona nimezeeka, nitapunguza kazi."

Siku hiyo kila mteja alipata chumvi ya heshima mara mbili. Haji Rajabu aliishiwa soda kabla ya adhuhuri.

Haikupita wiki nyingi, Sista Furaha mwenyewe akaja kununua muhogo. Akamkuta Mjomba mkono uko juu, mvua inanyesha.

"Muzee! Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nimekula chumvi mingi."

"Na sasa unafanya nini?"

"Naendelea."

Sista alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Sisi sote tukacheka. Kisha yeye akanivuta pembeni karibu na makreti ya soda.

"Mama Poni, ile si sifa," akasema. "Ni ugonjwa. Damu yake inasukuma nguvu, presha iko juu sana. Chumvi inashika maji katika mwili, ndiyo unaona miguu. Iko siku mushipa utapasuka hapa." Akagusa kichwa changu, si chake. "Huyu mutu hasikii maumivu mingi, ndiyo ubaya yake. Asipoacha, atakufa hapa kwa kibanda, na mwiko mukononi."

Nilitazama mgongo wa Mjomba. Baba yangu alizikwa Kongo, mama yangu naye. Mtu mzima aliyebaki kuniita mtoto alikuwa huyo tu, na alikuwa anawapa wateja mgongo huku akilamba vidole.

Kumwamuru haikuwezekana. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nikaona njia ni moja: nipatane naye bei, kama ninavyopatana na wenye viazi wa Vurra. Nikamkuta asubuhi amekaa juu ya gunia lake.

"Mjomba, karai moja tutatia chumvi kifuniko kimoja cha soda."

"Konzi tatu," akasema, akakunja mkono kama anayechota.

"Kifuniko kimoja, na ndani ya maji hatutii."

"Wewe unataka watu waseme Lemi amerudi Kongo?" Akasimama, akachukua kofia, akaondoka kama mnunuzi aliyekasirika.

Sikumwita. Anayeondoka na kofia mkononi anarudi. Wa kumwogopa ni yule aliyeshaivaa. Alifika kwenye duka la cherehani akarudi.

"Konzi mbili. Na ni kwa sababu ni wewe."

"Vifuniko viwili, na wewe huonji. Naonja mimi."

"Mimi siwezi kuuza kitu sijaonja! Hata Mungu aliona kwanza, ndiyo akasema ni vizuri."

"Aliona, Mjomba. Hakuonja."

Tulibishana mpaka moto ukazimika tukauwasha tena. Tukamaliza hivi: vifuniko viwili kwa karai, yeye aonje kipande kimoja kwa siku, na chumvi ya heshima ibaki, lakini mkono uwe mtupu. Hapo ndipo alipogoma zaidi, na hapo ndipo niliposhikilia. Mwisho akanipa mkono, lakini alinitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei ya ngozi.

Alitimiza. Nataka mjue alitimiza. Mteja akija, Mjomba aliinua mkono juu, vidole vikacheza, na hakuna kilichoshuka. Kwa siku kadhaa ilipita. Halafu dereva mmoja wa Sudan, mrefu mpaka akiongea anainama, akala vipande viwili, akatazama mkono, akatazama sahani.

"Ya mama, huyu mzee anatia chumvi ama anabariki chakula?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Hii chipsi iko mgonjwa? Mbona ladha ya hospitali?" Wakalipa kwa adabu, wakavuka barabara kwa jirani yetu aliyekuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi maiti. Hawakurudi. Nilisimama nikitazama migongo yao, nikaihesabu, nikaona nimekosea, nikaihesabu tena, ikawa ni ileile.

Haji Rajabu akaja na uso ulionyooka kama kanzu mpya. "Mama Poni, nilikuwa nafikiri habari ya kodi."

Ningevumilia yote kama miguu ya Mjomba ingepungua. Haikupungua. Nikaanza kumchunguza. Mfukoni mwa shati lake nikakuta karatasi ndogo zinazong'aa, za vile vidonge vya supu vinavyotoka Kongo.

"Mjomba, hii ni nini?"

"Hii si chumvi. Hii ni supu."

"Lamba karatasi uniambie."

Akalamba. Akaona ni tamu, akalamba na nyingine. Nyuma ya gunia nikakuta makayabu, ule samaki mkavu mweupe wa chumvi, kipande kizima kimefungwa kwenye gazeti.

"Na hii?"

"Hii ni samaki."

"Mjomba, samaki huyu ana chumvi kuliko bahari!"

"Mimi sijaona bahari. Usinitishe na kitu sijaona."

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo leo linawahusu ninyi zaidi kuliko sisi. Chumvi haiji siku zote ikiwa imevaa jina lake. Imo kwenye kidonge cha supu, kwenye unga wa mchuzi wa pakiti, kwenye soseji, kwenye ile sosi nyekundu mnayomwagia kila kitu. Mtu anasema, "Mimi sikuongeza chumvi," na ni kweli, aliongeza binamu zake watano.

Siku ya soko, kama saa tano asubuhi, Mjomba alichukua kipande chake kimoja cha kuonja. Nilikuwa nawafungia wateja kuku. Nikamsikia anasema neno, lakini neno lilitoka limelala ubavu. Nikageuka. Kipande kilikuwa kinamtoka upande wa kushoto wa mdomo, naye hajui. Akanyoosha mkono kushika nguzo, mkono ukashika karai. Mafuta yakamwagikia moto, moto ukapanda. Namshukuru Mungu yeye aliangukia upande wa makreti. Watu wakazima kwa mchanga. Karai lilikunjamana kama kofia iliyokaliwa.

Haji Rajabu alifunga duka. Nilipomwona anafunga duka siku ya soko, nikajua jambo ni kubwa. Yeye ndiye aliyembeba Mjomba mgongoni, kanzu ikaloa mafuta. Mwenye pikapu alitaka malipo kwanza. Nikampa baiskeli yangu papo hapo, bila kupatana. Ni mara moja tu maishani mwangu nimenunua kitu kwa bei ya kwanza.

Njia yote mpaka Arua nilikaa nyuma nimeshika kichwa chake mapajani. Alikuwa amekamata kidole gumba changu kwa mkono wake wa kulia, na kila tulipopita shimo alikaza. Nikawa naomba njia iwe na mashimo mengi, maana alipokaza nilijua yupo.

Daktari wa hospitali ya Arua alikuwa kijana, amechoka. Aliniuliza mzee anakula nini. Nikamwambia. Akaacha kuandika, akaniuliza tena. Kisha akanieleza kwa mfano wa baiskeli, na mimi sikumwambia kwamba habari za baiskeli siku hiyo zilinichoma. Alisema mishipa ni kama mpira wa gurudumu: ukiupuliza kupita kiasi kila siku, haulalamiki, unakwenda tu, mpaka saa utakapopasuka mahali palipochoka. Wa Mjomba ulichokea kichwani. Wa wengine huchokea kwenye moyo, au kwenye figo.

Siku ya tatu Mjomba alionjeshwa maharagwe ya hospitali. Akatafuna kwa upande mmoja, akafunga macho, akasema neno lake la kwanza tangu aanguke.

"Fumfi."

"Anasema nini?" akauliza daktari.

"Anakusalimu, daktari."

Nililia baadaye, nje, karibu na bomba la maji. Kwa furaha, na pia kwa hasira.

Tulifungua tena na karai la kuazima. Madereva wa Sudan tuliwakosa, lakini wakaja walimu, na akina mama wenye watoto, na Sista Furaha akaleta wenzake. Mimi sasa ndiye niliyekaanga, nami niliacha kuamini ulimi wangu. Asubuhi, kabla sijagusa chakula, ndipo nilipopanga kipimo kwa kifuniko, na mchana ulimi ukilalamika niliuacha ulalamike. Maji ya kuchemshia sikuyatia kitu. Chumvi nyingine niliweka kwenye kopo lenye tundu dogo, mteja ajitilie mwenyewe. Na mtu akitikisa kopo kwa mkono wake anachoka mapema kuliko mkono wa mpishi. Niligundua limau linadanganya ulimi vizuri, pia kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia. Na msipunguze kwa siku moja kama nilivyofanya mimi. Punguzeni kama mwezi unavyopungua, kidogo kidogo, na hakuna dereva atakayeuliza kama mnabariki chakula.

Mjomba yupo bado. Anatembea kwa fimbo, anatukana vizuri, na dawa zake anameza nikiwa nimesimama mbele yake. Presha hutulia akila kwangu. Tatizo ni kwamba hataki kula kwangu. Anasema chakula changu kina ladha ya barua ya serikali. Majuzi aliaga kwamba anakwenda kanisani, siku ya Jumanne, akarudi ana kiu ya ngamia na mafuta kwenye ndevu, na nilipompeleka kupimwa, muuguzi wa sasa alipuliza, akashtuka, akapuliza tena. Mjomba alikuwa amekula kwenye kibanda cha mmoja wenu. Sitaki kujua cha nani.

Kwa hiyo sikuandika kuwafundisha tu. Nimekwama. Kuku na muhogo ninaviweza, lakini yeye anataka maharagwe, na maharagwe bila chumvi yamenishinda. Nimejaribu limau, tangawizi, kitunguu saumu, simsim ya kusaga, yaani ufuta, nyanya zilizokaushwa. Simsim alimaliza nusu bakuli, halafu akakumbuka kwamba amekasirika. Ninyi mna viungo ambavyo sisi hatukuvijua. Mwenye shauri aniletee, nyumba yangu iko nyuma ya soko la Koboko, ulizia kwa Mama Poni. Njoo kabla ya saa saba, saa yake ya kula, na usilete kidonge chochote cha supu, maana nitakukagua mifuko. Niambie tu: kwenye maharagwe ya mzee huyu, nitie nini?